Maneno ya Mtani

"Basi tutoroke," nilimwambia Hyasinta.

Hilo nililisema vizuri kabisa, bila kukwama, kwa sababu tulikuwa wawili tu. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, Mnazi Mmoja. Yeye alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi pembeni ya uwanja, utepe wake wa kupimia nguo ukiwa bado unaning'inia shingoni. Alitoka kwenye cherehani yake Mtaa wa Msimbazi mbio mbio, hakukumbuka hata kuuvua.

"Tutorokee wapi?"

"Popote. Kilosa. Nina binamu yangu kule, yuko kwenye mkonge."

Akaniangalia. Hyasinta alikuwa na macho ambayo hayakukuangalia usoni tu, yalikuangalia mpaka ulichokuwa unakificha. Mimi hamali wa Kariakoo, niliyekuwa nabeba gunia la viazi kutoka kwenye lori mpaka shimoni, ghorofa ya chini ya soko, bila kupumzika, macho yale sikuweza kuyabeba.

"Dada yangu Paskalina alitoroka," akasema. "Unajua nyumbani kwetu jina lake halitajwi? Mama ndiye aliyemzaa, mtoto wake wa kwanza. Mtaa mzima walikuwa wanamwita Mama Paskalina. Baba akapita mlango kwa mlango kuwakataza. Siku hizi anaitwa Mama Hyasinta. Akiniita mimi, Anse, naiona midomo yake inataka kuanza na jina jingine. Sasa na mimi nikiondoka hivyo, watamwita nani?"

"Na baba hajakataa," akaendelea. "Amesema usimame useme. Ni kusema tu. Dakika mbili."

Kusema tu!

Nieleze. Kwa desturi, mwanamume haendi kujisemea. Hutuma mshenga. Nami nilimtuma Tarsis, mtoto wa shangazi yangu, tarishi wa ofisi moja ya mjini, mtu anayeweza kuongea na ukuta ukamjibu. Tarsis alikwenda kwa Mzee Pantaleo Mbano amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, akasema kila kilichopaswa kusemwa. Mzee Pantaleo akamsikiliza mpaka mwisho, akamnywesha chai, kisha akamwambia: "Unasema vizuri sana, kijana. Nikuoze wewe?"

Tarsis akacheka. Mzee hakucheka.

"Binti yangu haolewi na mdomo wa kuazima," akasema. "Jumapili kikundi chetu cha kuzikana kinakutana uani kwangu. Huyo Anselmi aje asimame mbele ya watu. Aseme jina lake, ukoo wake, kazi yake, na anachotaka. Akishasema nitamjibu hapohapo. Akishindwa, Jumatatu Hyasinta anapanda basi kwenda Songea. Kule kuna karani wa ushirika, mgane, ameshauliza mara mbili."

Mtu angedhani ni mzee anayependa vijana mashujaa. Sivyo. Mzee Pantaleo alijua alichokuwa anafanya. Alikuwepo.

Alikuwepo siku ile ya Alhamisi, mwaka juzi, soko jipya halijafunguliwa bado, lilipopotea gunia moja la maharage. Msimamizi alinipandisha juu ya mizani, ile ya kupimia magunia, ili kila mtu anione. "Sema!" akanambia. "Umeliuza wapi? Sema watu wakusikie!" Watu mia wamesimama, wanatafuna miwa, wananitazama. Nilikuwa na la kusema. Nilijua gunia lilipo, nimelibeba mwenyewe kulipeleka stoo ya pili, nikamwachia mlinzi. Mdomo ukajifunga. Ulimi ukawa kama si wangu. Nilisimama pale juu ya mizani, jasho likidondoka kwenye bati, mpaka mmoja akapiga kelele, "Kimya chake ndicho jibu!" Wakanishusha kwa makofi.

Kesho yake gunia likaonekana stoo ya pili. Je, kuna aliyepanda juu ya mizani kuwatangazia watu? Hakuna. Hata mmoja. Ninawakumbuka wote waliokuwepo, na nikitakiwa nitawataja kwa majina. Mzee Pantaleo alisimama mbele kabisa, mlangoni pa kibanda chake cha dagaa wa Ziwa Nyasa, mikono nyuma.

Kwa hiyo aliposema "asimame aseme," mimi nilisikia, "asimame juu ya mizani."

"Jaribu," Hyasinta akanambia pale Mnazi Mmoja. "Mimi ndiye baba. Haya, kijana, nani wewe?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema jina lako."

"Naitwa Anselmi Kihwele, mtoto wa Mzee Kihwele wa Iringa. Kazi yangu ni hamali. Nina miaka saba sokoni, sijaiba kitu cha mtu. Ninampenda Hyasinta binti yako, na nimekuja kuomba nimuoe."

Machozi yakamlengalenga. "Unaona? Unaona, Anse? Rudia."

Nikarudia. Katikati ya "ninampenda," wakapita wanaume watatu na baiskeli. Mmoja akasimama kufunga kamba ya mzigo wake. Hakuwa hata ananisikiliza. Basi, likaishia hapohapo. Nikabaki na mdomo wazi kama samaki wa soko la Feri.

Hyasinta akanishika mkono mbele ya watu wale, kitu ambacho msichana wa kwao hakukifanya hovyo. "Kesho niangalie mimi," akasema. "Nitakuwa mlango wa jikoni. Usimwangalie mtu mwingine yeyote. Sema na mimi."

"Na nikishindwa?"

Aliuvua ule utepe shingoni, akaukunja, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama sarafu.

*

Jumapili saa tisa uani kwa Mzee Pantaleo kulikuwa kumejaa. Kwenye daftari kikundi kiliandikwa "Kusaidiana", neno Songea halikuandikwa popote, maana siku zile mambo ya makabila hayakutakiwa. Lakini kila aliyekuwa amekaa pale alikuwa Mngoni wa Songea, au ameoa Songea. Watu arobaini, kwenye mabenchi na mikeka. Wamama upande wa jikoni, wanapepeta mchele kwa ajili ya chakula cha baadaye. Mhehe nilikuwa peke yangu. Tarsis na rafiki yangu Fikirini, hamali mwenzangu, Mzaramo, walibaki barazani kwa sababu hawakualikwa.

"Ukikwama, kohoa," Fikirini alinong'ona nikiingia. "Mtu akikohoa hawajui kama amekwama."

"Na nikimaliza kukohoa?"

"Kohoa tena. Kifua kikuu kinaheshimika."

Wakasoma majina ya wagonjwa. Wakapanga watakaokwenda kumwona mjane mmoja Magomeni. Kisha Mzee Pantaleo akainuka, amevaa koti lake la kanisani.

"Ndugu zangu, kuna kijana ana neno. Sikutaka tumsikie kwa uvumi. Atajisemea. Simama, kijana."

Nikasimama.

Nikamtafuta Hyasinta. Alikuwa mlango wa jikoni, kitenge cha kijani, mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango. Akainamisha kichwa kidogo, ndiyo, sema.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba."

"Naitwa..."

Likakwama. Jina langu mwenyewe! Nilisikia ungo unapepetwa, cha, cha, cha, kisha hata ungo ukanyamaza, wamama wakageuka kuniangalia. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mtoto wa mtu akacheka, akapigwa kofi la mgongo. Mzee Pantaleo alikuwa amesimama vilevile, mikono nyuma. Nikaona bati la mizani chini ya miguu yangu, naapa nililiona.

Hapo ndipo Mzee Marcelino, mmoja wa wakubwa wa kikundi, akapiga kelele kutoka benchi la nyuma.

"Jamani! Nani amemfungulia Mhehe mlango? Ficheni mbwa!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

Kama hujui, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana, na waliposhindwa kumalizana wakaachiana matusi badala ya mikuki. Mtani anaweza kukutukana msibani huku unalia, na hukasiriki. Wao husema sisi tunakula mbwa, sisi husema wao wanakula panya. Kila siku sokoni nilitaniana na wapakiaji wa Kingoni, na kule sauti yangu ilifika mpaka shimoni, kwa sababu kwenye utani hakuna anayekupima. Mzee Marcelino aliponitupia lile, mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Mbwa wenyewe wako wapi, mzee? Wamekimbia wenyewe, mnawanyang'anya panya wao!"

Kicheko. Bibi mmoja akaangusha ungo.

"Haaa! Kumbe kanasema!" Mzee Marcelino akainuka, akiegemea fimbo. "Mtani, babu yako alikuja kwetu mara ya mwisho akaacha viatu. Umevifuata?"

"Babu yangu hakuwa na viatu! Aliviona vya kwenu, mmevivua ili mkimbie vizuri!"

Wakapiga makofi. Na mimi, we msomaji, sijui nikueleze vipi. Nilijisikia mtu. Watu arobaini walikuwa wananiangalia na nilikuwa nasema! Kifua kilikuwa wazi, miguu imara. Nikamwona Hyasinta. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatikisa kichwa haraka haraka, hapana, hapana, hapana. Nami nikadhani anashangaa kwa furaha, kama nilivyokuwa najishangaa.

"Sasa sema, mtani," akasema Mzee Marcelino. "Umekuja kudai nini kwetu?"

"Nimekuja kudai Hyasinta!"

"Hoo!"

"Mimi ni Anselmi Kihwele, mtoto wa Mzee Kihwele wa Iringa! Kazi yangu ni hamali, miaka saba sokoni, sijaiba kitu cha mtu! Babu zangu waliwaacha hai ninyi wote ili siku moja mzae Hyasinta! Ninampenda, na siondoki hapa bila yeye!"

Nilisema yote. Jina, ukoo, kazi, ninachotaka. Hakuna hata kimoja nilichokisahau. Watu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Mzee mmoja alinishika mkono akautikisa, "Mtani umetukosha, umetukosha kweli."

Mzee Pantaleo akainua kiganja. Wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitabasamu.

"Mtani amedai," akasema taratibu. "Mtani akidai hatoki mikono mitupu, si desturi yetu. Mama Hyasinta, leta yule jogoo."

Jogoo akaja, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Naapa alikuwa ameshafungwa tangu asubuhi. Mzee Marcelino akamchukua, akanisukumia kifuani, mabawa yakapiga, manyoya yakanijaa usoni.

Nami nikampokea.

Miaka saba mikono yangu ilijifunza jambo moja: kinachosukumwa kwangu, nakipokea. Gunia, kapu, kreti, tenga. Sikufikiri. Watu wakapiga vigelegele, na palepale, jogoo akinidonoa kifundo cha mkono, nikaelewa nilichofanya. Mtani akidai kitu kwa utani, akapewa kingine akakipokea, dai limekwisha. Aliyepokea akilirudia, huyo hatanii tena, anatafuta ugomvi. Hata mtoto wa kwetu anajua.

"Mzee," nikasema. "Mzee, mimi sitanii."

Wakaanguka kwa kicheko.

"Sitanii, jamani! Nasema kweli!"

"Ndivyo wanavyosema wote!" akalia mmoja, anajishika mbavu. "Mhehe huyu atatuua!"

Nikasema tena, polepole, kwa sauti ya chini, yale yale niliyoyafanya mazoezi Mnazi Mmoja. Sauti haikutetemeka. Woga ulikuwa umekwisha kabisa, hata nilipoutafuta sikuuona. Nilimwangalia Mzee Pantaleo machoni, nikamwambia ninampenda binti yake, naomba nimuoe. Na kadiri nilivyosema kwa unyenyekevu ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani hodari ni yule asiyecheka mwenyewe.

"Katibu," akasema Mzee Pantaleo, "endelea na mambo yetu."

*

Hyasinta alinikuta uchochoroni nyuma ya nyumba, nimemshika yule jogoo bado.

"Kwa nini umepokea?"

"Hya..."

"Kwa nini umepokea, Anselmi? Nilikutikisia kichwa! Nilikutikisia mpaka shingo ikauma!"

"Nilidhani umefurahi."

"Nimefurahi!" Akaziba mdomo kwa kitenge. Mabega yakatikisika. "Baba alimwita Mzee Marcelino asubuhi, kabla ya misa. Niliwasikia. Alimwambia, akikwama mchokoze, atajibu, hawezi kuacha kujibu. Sikupata nafasi ya kukwambia. Mama alinifungia ndani mpaka watu wamefika."

"Basi nirudi. Nimrudishie jogoo wake mbele yao."

"Ukimrudisha ni ugomvi. Watakufukuza kama mlevi, na baba atasema, mnamwona?" Akanigusa kifundo cha mkono, pale palipotoka damu. "Ulisema vizuri. Ungejua ulivyosema vizuri! Nilitamani ingekuwa kwa watu wengine."

"Waambie wewe. Ingia useme kwamba unanitaka."

Ndani tulisikia katibu anasoma, watu wanaitikia.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Hukuwahi kuniuliza."

Kweli. Sikuwahi. Wiki nzima ilikuwa woga wangu, ulimi wangu, mdomo wangu.

"Hyasinta, mama yako anakuita!" sauti ya kike ikasema ndani. Naye mwenyewe, mama yake, akatokea mlangoni. Hakunifokea. Aliniangalia mimi na jogoo, akamwangalia binti yake, na midomo yake ikaanza jina, ikasita, ikaanza jingine. "Hyasinta. Twende, mwanangu. Baba yako anahesabu watu, ataona hupo."

Akaingia. Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa ningepata nafuu.

*

Jumatatu alfajiri basi la Songea lilikuwa linanguruma stendi, mizigo imefungwa juu, abiria wamekaa. Fikirini alinifuata nyuma, ananishika shati.

"Anselmi, watakupiga."

"Wanipige."

Hyasinta alikuwa dirisha la tatu. Mama yake pembeni. Mzee Pantaleo alisimama chini, anaongea na dereva.

Sikwenda dirishani. Nilisimama mbele ya basi, kwenye mwanga wa taa, mahali ambapo kila abiria angeniona, na wauza mayai, na wapiga debe, na polisi mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Naitwa Anselmi Kihwele," nikasema. "Kazi yangu ni hamali, hapo Kariakoo. Nisikilizeni. Jana nilisema, watu wakacheka. Leo simtanii mtu. Kwenye basi hili kuna msichana anayeitwa Hyasinta. Anapelekwa kwa mtu asiyempenda kwa sababu mimi nilikuwa naogopa watu. Sasa siwaogopi. Ninampenda. Nimekuja kumwomba baba yake, mbele yenu wote, ninyi muwe mashahidi."

Hakuna aliyecheka. Mwuza mayai alishusha ndoo yake. Dereva akazima taa, kisha akaziwasha tena kama mtu aliyekosea. Kimya kilikuwa kimya cha watu wanaosikiliza, na nilikifahamu mara moja, ingawa sikuwahi kukisikia maishani.

Hyasinta aliinuka kwenye kiti. Akafungua mdomo. Nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania chuma cha dirisha, na abiria wote wamemgeukia yeye sasa, wanamsubiri aseme. Macho yake yalinishika. Niliujua mtazamo ule. Nimeubeba miaka yote.

"Sema," nikamwambia. "Hya, niangalie mimi. Sema na mimi."

Midomo ikatikisika. Hakikutoka kitu.

Mzee Pantaleo akanijia taratibu. Hakukasirika. "Umesema vizuri, kijana," akanambia, kwa sauti ambayo hata sasa siijui kama ilikuwa huruma. "Lakini jana ulipokea." Kisha akampigia dereva bodi ya basi kwa kiganja, mara mbili.

Fikirini alinivuta nikatoka barabarani. Basi likanipita, dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, mama yake amemkumbatia kiunoni.

Nami niliendelea kusema. Nilimwambia neno kwa neno kila kitu, nikikimbia pembeni, kisha nikitembea, kisha nimesimama katikati ya stendi na vumbi likinitulia usoni. Polisi akaja akaniambia inatosha, ndugu. Nikamwambia jina langu, ukoo wangu na kazi yangu. Basi lilikuwa limeshakata kona zamani, nami nilikuwa bado nasema.